Kufuatilia asili ya ukoo: uanze na wazee, makaratasi au DNA?

Kitukuu wa Langoni
Assalaam alaykum wanajamvi. Naishi Malindi. Baba ni mtu wa Amu (Lamu), mtaa wa Langoni, na mama kwao ni Mambrui. Nataka kuandika shajara ya ukoo, yaani mti wa nasaba. Upande wa baba nina majina saba, bin fulani bin fulani, halafu naambiwa "walitoka Pate", basi. Upande wa mama nakwama kwa mama yake bibi: ana jina moja tu, halina binti fulani mbele yake. Binamu yangu aliyeko Uingereza yuko tayari kuninunulia kipimo cha DNA. Mzee mmoja wa hapa asema hizo ni pesa za kutupa, niende nikafukue makaratasi kwa Kadhi. Nyinyi mngeanza wapi?

Dau la Mwao
Waalaykum salaam. Anza na wazee, hilo halina mjadala. Faili utalikuta hata mwakani. Ila usiwaulize "asili yetu wapi?", maana utapewa Hadhramaut, Shirazi, na ukikazana sana, Uchina. Uliza nani alimuoa nani, nyumba ilikuwa mtaa gani, nani alirithi minazi, nani alinyonya ziwa moja na nani. Hapo majina yatatoka yenyewe bila kuyavuta.

Mwana Faza
Na waulize wanawake. Silsila za wanaume zimenyooka kama mlingoti, bin juu ya bin mpaka mtu afike anakotaka kufika. Mama zao wako wapi? Kuna shajara ya jamaa zetu wengine nimeiona, imetiwa fremu ukutani, mwanamke hamo hata mmoja. Kana kwamba mabwana wale walizaana wenyewe kwa wenyewe. Bibi zetu ndio wajuao nani alikuwa mtoto wa suria na nani aliolewa mara tatu kabla ya kumzaa babu yako.

Mchimba Gede
Kuhusu DNA, jua kwanza unanunua nini. Kipimo cha mate cha kawaida husoma mchanganyiko wa pande zote, na kila kizazi nusu hupotea. Ukirudi vizazi kumi una nafasi 1,024 za mababu, na karibu nusu yao huenda hawakukuachia hata chembe. Kipimo cha mstari wa kiume hufuata baba wa baba wa baba tu. Cha mstari wa kike hufuata mama wa mama wa mama, na huyo bibi aliyekukwamisha yuko juu ya mstari huo huo. Kwa hiyo kama utapima, chagua hicho. Lakini kitakupa tawi kubwa la wanawake lililotapakaa nchi nyingi. Kijiji hakitakupa, wala jina.

Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023 ulisoma mabaki ya watu 80 wa kale wa Kenya na Tanzania, wakiwemo wa Manda, Faza na Mtwapa. Kwa wengi wa miji ya pwani, mama walikuwa Waafrika na sehemu kubwa ya baba walitoka Uajemi, na kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Damu ya Arabuni ikaja kuzidi baada ya mwaka 1500 hivi. Wazee wetu waliokuwa wakichekwa kwa habari za Washirazi, watu wa kutoka Shirazi ya Uajemi, walikuwa na lao. Lakini mabaki ya Faza hayajibu swali la nyumba yako.

Kaka Ngomeni
Mimi DNA hapana. Kampuni ya kupima DNA ya 23andMe waliibiwa taarifa za watu karibu milioni 7 mwaka 2023, na Machi 2025 wakaomba ulinzi wa kufilisika. Mate yako ni taarifa za ndugu zako wote, na wao hukuwauliza.

Mwana Faza
Na ikitoka kuwa ami si ami? Harusi ngapi zitavunjika Amu hiyo!

Mzee wa Shamba
Mwanangu Kitukuu, nikuambie jambo ambalo wenzako wanalizunguka. Jina moja bila ubini, Mambrui au Malindi, enzi za mama yake bibi, mara nyingi ni mtu aliyeletwa. Malindi ilifufuliwa miaka ya 1860 chini ya Sultani wa Zanzibar, mashamba ya mtama na ufuta yakalimwa na watumwa, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa. Biashara ya watumwa kwa bahari ilipigwa marufuku mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe hapa kwetu ulifutwa kisheria mwaka 1907. Fidia walilipwa mabwana. Kwa hiyo makaratasini utamkuta bwana kabla ya kumkuta bibi yako: tafuta jina la mwenye shamba, kisha watu wa shamba lake.

Baada ya hapo ikaja sheria ya hati za ardhi ya pwani, 1908. Watu walileta madai, wakataja mpaka unapita kwa nani, nani mrithi wa nani. Kwa wakazi wa kawaida wa wakati ule, sijui karatasi nyingine yenye majina mengi hivyo.

Kaka Ngomeni
Mzee, kwa heshima, mambo haya hayasemwi mbele za watu. Mwenzetu ameuliza shajara tu.

Mzee wa Shamba
Ameuliza kwa nini amekwama, nami nimemjibu. Walioruka hapo ndio wenye shajara za fremu alizotaja Mwana Faza. Tena ongeza: kama kuna mtu kwenu alitoroka utumwa, wengine walijenga kwao Fuladoyo, wengine walikwenda misheni Rabai. Vitabu vya ubatizo vya misheni viliandika watu ambao hakuna mwingine aliyewaandika.

Dau la Mwao
Kwa Kadhi usitarajie mengi ya kale, ila mirathi usiipuuze: faili moja la mirathi linataja wake, watoto na ndugu kwa pamoja. Hati za wakfu vilevile, kama babu aliweka nyumba wakfu kwa watoto na watoto wa watoto. Ofisi moja niliambiwa faili limepotea. Nikarudi siku nyingine, karani mwingine akalitoa bila hata kuinuka kitini.

Kitukuu wa Langoni
Nashukuru nyote, na Mzee usijali, sikukasirika. Kumbe kuna kitu nyumbani: msahafu wa babu, ukurasa wa mwanzo kuna mistari ya kuzaliwa watoto kwa herufi za Kiarabu. Mmoja umesomeka: Mfunguo Tatu, 1325. Hiyo ni 1907?

Dau la Mwao
1325 ya Hijria ilianza Februari 1907, lakini Mfunguo Tatu ndio mwezi wa mwisho wa mwaka wa Kiislamu, kwa hiyo ni Januari 1908, au siku za mwanzo za Februari. Andika tarehe zote mbili.

Mchimba Gede
Piga picha mistari yote leo, mchana, karibu na dirisha, bila flashi. Na tafadhali usimpe mtu akuwekee laminesheni. Karatasi ikishabanwa kwenye plastiki ile haitoki tena nzima.