Fomu ya PDF inayoongeza mistari kulingana na data

Swali: Ndugu zangu, nina faili la XML (data iliyopangwa kwa alama maalumu) lenye orodha ya bidhaa, nami nataka fomu ya PDF iongeze mistari ya jedwali kadiri data inavyodai. Hata orodha iwe ndefu namna gani, unaonekana mstari mmoja tu. Tatizo liko wapi?

Jibu la 1: Angalia jinsi mstari ulivyounganishwa na data. Ukiandika `$.bidhaa`, fomu huchukua kipengele kimoja pekee; ukiandika `$.bidhaa[*]`, kila kipengele hupata mstari wake, mradi fomu ndogo (sehemu ya fomu) inayouzunguka iwe ya kutiririka, yaani ipanuke kadiri yaliyomo yanavyoongezeka, na idadi ya marudio isiwekewe kikomo. Kisha ihifadhi kama fomu badilifu, kwa kuwa fomu tuli haijipangi upya.

Jibu la 2: Ni sahihi, ila fikiria kwanza nani ataifungua. Kiwango cha PDF 2.0 cha mwaka 2017 kiliziweka kando fomu za XFA, yaani fomu za PDF zinazojengwa kwa XML kama hii yako, na programu nyingi za kusomea huishia kuonyesha ukurasa wa kumtaka msomaji asubiri. Kwa wajazaji wa simu, mimi ningetumia fomu ya HTML (ya ukurasa wa wavuti) na kutoa PDF mwishoni.

Muulizaji: Ahsanteni. `[*]` ndiyo iliyokosekana. Wajazaji wangu wote wana Adobe Reader kwenye kompyuta, hivyo nabaki na XFA kwa sasa.