Mnaotumia dawa mpya za sonona sugu, mnafuatiliwaje? Tupeane uzoefu

Habari zenu wapendwa. Nimeugua sonona miaka sita. Dawa ya kwanza haikunisaidia, ya pili nikaimeza karibu mwaka mzima, nayo ikagonga mwamba. Ndipo daktari akanianzishia esketamini, ile ya kupuliza puani, iliyoidhinishwa Marekani Machi 2019.

Hii hupewi ukaenda nayo nyumbani. Unajipulizia mbele ya nesi, kisha unakaa hapo hapo si chini ya saa mbili. Siku ya kwanza presha yangu ilianza 128/82. Baada ya dakika 40 ikasoma 151/94, na mkono uliofungwa kile kitambaa cha kipimo niliuona kama si wangu. Nesi akavuta kiti, akaniambia kwa upole, "Huu ndio muda inapopanda zaidi, tulia, tutapima tena." Ikashuka. Kuendesha gari ni marufuku mpaka kesho yake, ukishalala vizuri.

Ninachotaka kujua kwenu: kuna dalili mliwahi kuificha? Mimi nilificha kizunguzungu mara mbili, nikihofia nitasimamishiwa dawa pekee iliyonipa nafuu.

Bint Subira: Pole dada, hata mimi nilificha. Nilikuwa naamka mara nne usiku kwenda kukojoa, na mkojo unachoma. Nikanyamaza wiki tatu. Kumbe dawa za jamii ya ketamini zikitumika sana zinaweza kuumiza kibofu, ndiyo maana kila mara wanauliza habari za mkojo, na mimi nadhani ni maswali ya kujaza fomu tu! Nilipopimwa ikaonekana ni maambukizi ya kawaida, nikatibiwa na dozi ikaendelea. Wiki tatu za mateso ya bure.

Kaka Mlinzi: Mimi si mgonjwa, namsindikiza mdogo wangu wa miaka 22. Daktari alituweka chini mimi na mama, akasema vijana wa umri huu wanapoanza dawa za sonona au dozi inapobadilishwa, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka, tumwangalie kwa karibu. Siku ya tisa nikamkuta anagawa vitu vyake. Viatu anavyovipenda kampa jirani. Sikusubiri kuche, nikapiga simu usiku ule ule na tukaonwa. Leo yupo, anacheka. Tusingeambiwa mapema, ningedhani ni ukarimu.

Msemakweli: Nilikotibiwa kulikuwa na msongamano, wakataka kuniruhusu baada ya saa moja bila kupima presha tena. Nilikataa kuinuka kwenye kiti. Wakakasirika, lakini wakapima. Jamani, msione aibu kudai kipimo chenu.

Mwanzisha mada: Asanteni sana, Kaka Mlinzi umenitoa machozi. Niongeze alichonieleza daktari wangu. Kabla ya kuidhinishwa, dawa hujaribiwa kwa watu wachache, waliochaguliwa, kwa muda mfupi. Dhara linalompata mtu mmoja kati ya elfu kumi ni rahisi kupita bila kuonekana. Litaonekana kwetu, tukisema. Marekani kila anayetumia esketamini kliniki husajiliwa, na baada ya dozi fomu ya ufuatiliaji hujazwa na kutumwa. Uingereza dawa zinazochunguzwa zaidi huwekewa pembetatu nyeusi iliyopinduliwa kwenye karatasi ya maelezo, na mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kuripoti dhara, hana haja ya kumsubiri daktari. Kwa hiyo kizunguzungu changu nilichokificha hakikunihusu peke yangu. Hilo limeniuma kuliko yote.

Bint Subira: Sasa umeshamwambia nesi?

Mwanzisha mada: Dozi ni kesho asubuhi. Nimeandika kwenye karatasi tarehe zote mbili na kilichukua dakika ngapi. Nitamkabidhi kabla hajanifunga kipimo.