PPI ya Uingereza: dirisha lilifungwa 2019, je bado kuna pa kudai?

Kitenge_Reading (mleta mada)

Wakuu, habari za wikendi. Naomba muongozo kwa wanaoijua PPI, ile bima ya marejesho iliyokuwa ikibandikwa kwenye mikopo na kadi huku Uingereza. Nashughulikia makaratasi ya mama mkubwa. Faili lake lina akaunti tatu, zote za mkopeshaji mmoja:

Mkopo wa pauni 6,000 wa 2003, ulimalizika Novemba 2007. Mkataba una mstari wa "loan protection".

Mkopo wa pauni 10,000 wa Juni 2007, na juu yake ada ya bima pauni 2,000 iliyoingizwa kwenye deni. Ulimalizika 2012. Hakuna barua yoyote iliyokuja baadaye.

Kadi ya mkopo ya 2001. Bima iliondolewa 2009, kadi yenyewe bado iko hai. Oktoba 2019 walimlipa kidogo, barua inasema wamerudisha "kamisheni iliyozidi 50%".

Sasa kuna watu wanampigia simu, wanasema anaweza kudai fidia kwa zote tatu, atangulize pauni 150 za kufungua faili. Mimi nilijua mwisho ulikuwa 29 Agosti 2019. Nani mkweli hapa?

---

Msomi wa Vifungu

Mkuu, kila upande una ukweli nusu.

29 Agosti 2019 ulikuwa mwisho wa *kulalamika* kwa mkopeshaji na kwa Financial Ombudsman Service (ofisi ya kusuluhisha malalamiko ya wateja wa fedha), kwa kanuni za FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha. Mlango huo umefungwa. Hufunguliwa kwa sababu za kipekee, mfano ugonjwa mzito uliomzuia mtu kabisa kulalamika kipindi hicho. "Sikuwa na habari" haihesabiki.

Mahakama ni mlango mwingine, una funguo zake. Katika kesi ya Plevin dhidi ya Paragon, Novemba 2014, Mahakama ya Juu ilikuta kwamba kwenye ada ya bima ya pauni 5,780, asilimia 71.8 ilikuwa kamisheni (fungu linalorudi kwa waliouza bima) na mkopaji hakuambiwa. Ikasema kumficha mteja kamisheni kubwa namna hiyo kunafanya uhusiano wa mkopo usiwe wa haki, chini ya kifungu 140A cha Sheria ya Mikopo ya Watumiaji ya 1974. Ile 50% ya kwenye barua ya mama mkubwa ilitoka kwa FCA baadaye, kama mstari wa kupigia hesabu za malalamiko. Mahakama haifungwi nayo.

Kwa hiyo swali si tena "je, aliuziwa vibaya?" Hilo kwa mauzo ya 2001 au 2007 muda wake umekwisha. Swali ni kamisheni iliyofichwa, na uhusiano wa mkopo uliisha lini. Zipange akaunti zako hivyo.

Mkopo wa 2003: sahau. Kifungu 140A hakigusi mkataba uliokwisha kabla ya 6 Aprili 2008, na huo uliisha Novemba 2007. Anayekwambia una pa kudai hapo ama hajui kazi yake au anataka hizo 150.

Mkopo wa Juni 2007: kifungu kinaugusa, ila ukomo wa kufungua kesi ni miaka 6 tangu uhusiano uishe, yaani 2018. Ulipita. Kilichobaki ni hoja ya kufichwa, narudi kwayo chini.

Kadi: hapa ndipo penye nyama. Katika Smith dhidi ya Royal Bank of Scotland, Oktoba 2023, mteja alikuwa na kadi ambayo malipo ya bima yalikoma 2006 lakini kadi ikaendelea hadi 2015. Mahakama ya Juu ikasema miaka 6 inahesabiwa tangu uhusiano wa mkopo ulipokwisha, si tangu ada ya mwisho ya bima. Naye alikuwa ameshalipwa ile ziada ya juu ya 50%, na bado alishinda kilichobaki. Kadi ya mama mkubwa iko hai, saa yake haijaanza hata kugonga.

---

bintiTanga

Naongezea kwenye kadi: asiifunge sasa hivi, hata kama haitumii. Akiifunga, miaka 6 inaanza siku hiyo. Na mkiuziana maneno na benki kwenye simu, msije mkakubali "tukufungie akaunti tumalize".

Kabla ya jambo lolote ombeni kumbukumbu, inaitwa subject access request. Ni bure na wana mwezi mmoja wa kujibu (wanaweza kuongeza miezi miwili ombi likiwa zito, lakini lazima wakwambie ndani ya ule mwezi wa kwanza). Hakuna fomu ya lazima, barua pepe inatosha. Kwa kuwa si akaunti yako, ambatanisha barua ya idhini yenye sahihi yake, jina lake kamili, majina ya zamani kama alibadili baada ya ndoa, tarehe ya kuzaliwa na anwani zote alizoishi tangu 2001. Maombi mengi hurudi "hatukupata rekodi" kwa sababu mtu ameandika anwani ya leo tu.

Usiombe "kumbukumbu zangu zote", utaletewa sanduku la makaratasi yasiyo na maana. Taja: nakala ya mkataba, orodha ya kila ada ya PPI iliyotozwa na tarehe yake, riba iliyotozwa juu ya ada hizo, barua zote za malalamiko, hesabu ya malipo ya 2019, na kiwango cha kamisheni pamoja na gawio la faida. Hilo la mwisho wengine hugoma kwa hoja kwamba si taarifa binafsi. Omba hivyo hivyo, mkigomewa mtaidai kwenye kesi.

Taarifa za zamani za kadi kama mnazo, msitupe. PPI ya kadi ilitozwa kila mwezi kwa kufuata deni, kwa mfano peni 79 kwa kila pauni 100. Deni la 1,400 ni pauni 11.06 mwezi huo. Itafute kwa majina kama payment cover, account cover, card protection, au kifupisho ASU (ajali, ugonjwa, kukosa kazi). Angalizo: card protection nyingine zilikuwa bima ya kadi kuibiwa, si hii.

---

Kitenge_Reading

Shukrani sana. Barua ya 2019 nimeisoma upya: jumla ya ada pauni 1,900, kamisheni 67%, wamerudisha 17% ambayo ni pauni 323, pamoja na riba. Anaweza kudai nini hasa? Na ule mkopo wa pili nao?

---

Msomi wa Vifungu

Hesabu ya kadi: 1,900 toa 323 ni 1,577. Hiyo ndiyo unayoanza nayo, pamoja na riba ya kadi iliyopanda juu ya ada hizo na riba ya mahakama. Benki itajibu kwamba hata ukishinda unastahili kamisheni tu, yaani 67% ya 1,900 ambayo ni 1,273, ukitoa 323 zinabaki 950. Wewe utasema angeambiwa kwamba theluthi mbili ya pesa yake inarudi kwao asingenunua kabisa, basi irudi yote. Majaji wa mahakama za chini wamekwenda pande zote mbili, kwa hiyo ikija ofa katikati ya namba hizo msiitupe kwa hasira.

Mkopo wa pili unategemea Canada Square dhidi ya Potter, Novemba 2023. Pale kamisheni ilizidi 95% ya ada. Mahakama ya Juu ilisema mkopeshaji akificha kwa makusudi jambo ambalo dai linalihitaji, miaka 6 inaanza pale mteja alipogundua, au alipoweza kugundua kwa juhudi za kawaida. Benki itasema aliweza kugundua kufikia 2019, maana FCA ilitangaza mpaka ikakera, lile tangazo lake la kichwa cha roboti cha mwigizaji Arnold Schwarzenegger lilikuwa kila mara kwenye televisheni. Jibu lenu ni kwamba tangazo lilihusu PPI, si asilimia ya kamisheni ya mkopo huu. Lakini kuna tatizo: barua yake ya Oktoba 2019, ya mkopeshaji huyohuyo, ilimtajia kamisheni ya kadi. Kuanzia hapo alikuwa na sababu ya kuuliza na ya mkopo. Miaka 6 ya barua hiyo iliishia Oktoba 2025. Mimi nisingelipia ada ya mahakama kwa mkopo huo bila wakili kuangalia tarehe kwanza.

---

Kijana wa Likoni

Na hao wa pauni 150, mama asitume hata peni. Kampuni za kudai kwa niaba ya watu zinasimamiwa na FCA tangu Aprili 2019, tafuteni jina kwenye rejista yao kwanza. Kwa madai ya PPI wana kikomo cha 20% pamoja na VAT: kwenye pauni 1,500 ni 300 na VAT 60, mkononi zinabaki 1,140. Na wanachofanya kabla ya mahakama ni barua ambayo mnaweza kuandika wenyewe jioni moja. Ukienda kesi na wakili, asilimia ni ya makubaliano. Hapo someni nani analipa mkishindwa, na kama bima ya gharama za kesi inakatwa kwenye ushindi.

Tena muulizeni mama kama amewahi kufilisika rasmi. Akiwa alifilisika baada ya kununua bima hiyo, pesa inaweza kuwa ya msimamizi wa ufilisi. Akiwa na malimbikizo kwa benki hiyohiyo, wanaweza kuyakata humo humo.

---

Mzee Riba

Watu husahau kodi. Ile riba ya 8% inayowekwa juu ya fidia ni kipato, na benki kwa kawaida hukata 20% kabla ya kulipa. Tuseme riba ni pauni 1,500: wamekata 300. Mwenye kiwango cha kawaida cha kodi ana nafuu ya riba ya pauni 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo kama hana riba nyingine kodi halali ni 20% ya 500, yaani 100. HMRC (mamlaka ya kodi) inamrudishia 200. Mwenye pensheni ndogo isiyofika pauni 12,570 hurudishiwa zote. Wa kiwango cha 40% nafuu yake ni 500 tu, huyo hudaiwa zaidi, asijichongee.

Fomu ni R40, bure. Aliyekwisha kurudi nyumbani Tanzania au Kenya na si mkazi tena hutumia R43. Muda ni miaka 4 tangu mwaka wa kodi uliolipwa uishe. Malipo ya Oktoba 2019 yako mwaka ulioishia 5 Aprili 2020, basi ukomo ulikuwa 5 Aprili 2024. Hayo yamepita, ila mkishinda kadi, tunzeni hati inayoonyesha kodi iliyokatwa. Bila hiyo R40 haina cha kuandikwa.

---

Kitenge_Reading

Nimeelewa. Swali la mwisho: mahakamani unaanzaje bila wakili?

---

Msomi wa Vifungu

England na Wales: barua ya kusudio la kudai kwanza, taja kifungu 140A, kiasi, hesabu, na siku 14 za kujibu. Wakikaa kimya, fungua madai mtandaoni au kwa fomu N1. Ada ya kufungua dai la kati ya pauni 1,500 na 3,000 ni 115, na la 3,000 hadi 5,000 ni 205, kwa hiyo piga hesabu ya riba kabla ya kujaza kiasi. Mwenye kipato kidogo aombe msamaha wa ada kwa fomu EX160.

Kwenye maelezo usiandike "aliuziwa vibaya", kesi itatupwa kwa ukomo. Andika kwamba kamisheni haikutajwa, kwamba uhusiano haukuwa wa haki, na kwamba bado unaendelea. Taja pia kifungu 140B(9): mteja akishadai, ni mkopeshaji anayetakiwa kuthibitisha kwamba uhusiano ulikuwa wa haki.

Chini ya pauni 10,000 kesi huenda kwenye madai madogo, ambako anayeshindwa kwa kawaida halipi mawakili wa upande wa pili. Benki nyingine huomba ihamishwe kwa kisingizio kwamba ni ngumu. Pingeni mapema, kwenye fomu ya maswali ya mahakama, maana ikishahama gharama si za kuchezea. Na kabla ya hayo yote angalieni kama 2019 alisaini kukubali malipo kuwa "full and final settlement" (malipo ya mwisho, hakuna kudai tena). Kama sahihi yake ipo, mwoneni wakili kabla ya kulipa ile 115.