Ushuru twalipa, hesabu mbona hamtuonyeshi?

Wadau, nimechoka kusikia wakubwa wakisema wafanyabiashara wadogo wa Mombasa ni wakwepaji kodi. Hebu tupige hesabu.

Muuza samaki wa soko la Kongowea mwenye mauzo ya shilingi 150,000 kwa mwezi amepita milioni 1 kwa mwaka, kwa hiyo anadaiwa kodi ya mauzo (turnover tax). Sheria ya Fedha ya 2023 iliipandisha kutoka asilimia 1 hadi 3. Hizo ni 4,500 kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni wa KRA. Na hukatwa kwenye mauzo, si faida! Barafu, usafiri, samaki waliooza stima ilipopotea, hayo yote hayaingii hesabuni. Akibakiwa na 15,000, asilimia 30 imekwenda. Mwezi wa hasara pia alipe. Na hapo sijagusa leseni wala ushuru wa soko.

Sasa mwambieni alipe kwa moyo mkunjufu. Risiti ya soko yamwonyesha kiasi na tarehe basi. Taka zitazolewa lini haisemi. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema ada ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara inakiuka Katiba. Machi 2024 ikarudi kwa sheria mpya. Juni 2024 watu waliandamana, Mswada wa Fedha ukaondolewa. Disemba baadhi ya vipengele vikarudi ndani ya sheria nyingine. Halafu mwashangaa ukimwomba muuzaji namba ya till, ile ya biashara ya kupokea malipo ya simu, anakwambia, "Lete keshi tu, au tuma kwa namba yangu."

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 yaitaka kaunti ichapishe ripoti kila robo mwaka. Sawa, lakini jumla kubwa ya mapato yamsaidia nini mwenye meza? Nataka soko mojamoja: liliingiza ngapi, likarudishiwa ngapi.

Mnaotaka kuibana kaunti, tumieni Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Kuomba ni bure. Msiandike "pesa zetu zaenda wapi", mtajibiwa hotuba. Andikeni: ushuru uliokusanywa Kongowea Julai hadi Septemba, siku kwa siku, gharama ya usafi wa soko kipindi hicho, aliyepewa kandarasi na kwa kiasi gani. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, maana siku 21 zahesabiwa kuanzia hapo. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, pamoja na hiyo nakala.

Mkijibiwa, bandikeni hapa. Msipojibiwa, bandikeni muhuri.