Mtoto kachelewa kuongea: mlimchezesha nini mpaka akafungua mdomo? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada: Wazazi wenzangu, habari zenu. Mwanangu ana miaka miwili na miezi minane, maneno yake hayafiki kumi. Akitaka maji ananivuta kanga mpaka kwenye ndoo. Masikio yamepimwa, anasikia vizuri. Miadi ya mtaalamu wa usemi ni mwezi ujao, kwa sasa nataka michezo ya nyumbani. Naomba ya mliopitia, siyo ya kusikia.

Mama Mapacha, Tanga: Pole shoga. Kulwa wangu alikuwa hivyohivyo, na kosa lilikuwa langu, namjua mno. Akinyoosha kidole tu, kikombe kishafika. Nikafundishwa nimpe kikombe kitupu, halafu ninyamaze. Ananiangalia, namwangalia, nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Kumi ni ndefu jamani, jaribuni muone. Siku ya nne akasema "ji". Nikammiminia kidogo, "maji, maji haya". Akanywa, "ji" tena. Alikunywa vikombe sita siku hiyo, usiku nikabadilisha shuka mara mbili. Ila usimnyime mpaka alie. Akikasirika mpe, kitaje jina, yaishe.

Baba Mdogo: Mimi ni wimbo, wakati wa kumwogesha. Uleule kila jioni, nikifika neno la mwisho nakata. Wiki mbili naimba peke yangu kama mwehu, majirani wanacheka. Ya tatu akamalizia mwenyewe: "tutu", yaani kuku. Hapo usiseme "siyo tutu". Sema "eeh, kuku!" kisha endelea. Mwanzoni nilimsahihisha, akanuna wiki nzima bila neno.

Mdau: Mpelekeni kwa mzee wa kienyeji akatwe udata (kile kikano chini ya ulimi) na kimeo (kinyama kinachoning'inia kooni), ataropoka.

Nesi mstaafu: Wee! Kimeo hakina uhusiano na kuchelewa kuongea, na watoto waliokatwa kwa wembe nimewapokea wodini wakivuja damu. Ulimi kama umeshikwa chini, daktari ndiye ataamua. Mama, zima katuni za simu, kaa naye sakafuni mbele ya kioo, mchezee sauti za midomo: "ba", "ma", "pa". Anaona mdomo unavyofanya. Ukimenya ndizi muulize, "ndizi au chungwa?" Usiulize "unataka?", atatikisa kichwa tu.

Mwanzisha mada: Mrejesho. Nimempa kikombe kitupu, nikanyamaza. Nilipofika saba, akakichukua akaenda kuchota mwenyewe. Kesho nafunika ndoo.