Naomba ushauri: moduli ya IGBT imebadilishwa, geti moja haifiki volti 15

Wakuu, habari za kazi. Mashine ya kuchomelea ya inveta, ampia 400, fezi 3, ipo karakana ya Kizota, Dodoma. Ina moduli mbili za IGBT (transista kubwa za kuwasha na kukata umeme) za ampia 100, volti 1200. Moja ilipiga shoti kati ya kolekta na emita, ikaondoka na rezista ya omu 10 ya geti (mguu unaoamuru transista ifunguke au ifunge) pamoja na zena (diodi inayozuia volti ya geti isizidi). Ndani vumbi jekundu limeshikana na mafuta, feni inazunguka kwa kujikongoja. Nadhani joto ndilo lililoanza.

Moduli mpya imefungwa, hitisinki (kipoza joto) imesuguliwa hadi chuma kinang'aa, pesti ya kupitisha joto imepakwa nyembamba, skrubu zimekazwa kwa zamu. Umeme mkuu bado umekatwa. Imewashwa kadi ya kuendeshea geti tu. Kwenye osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme), kati ya geti nne, tatu zinatoa volti +15 na -8, mawimbi yana kona kali. Ya nne inaishia +11, inapanda kivivu. Nikiiwasha hivyo transista haitafunguka vizuri, itachemka na kupasuka tena. Nimebadilishana nyaya za geti, tatizo limebaki kwenye kadi, kwa hiyo moduli haina kosa.

Zena na rezista ni mpya. Nianze na transista ndogo za kusukuma geti hiyo ya nne, au transfoma inayoilisha?

La pili: duka lina moduli ya ampia 150 tu kama akiba. Geti yake inakula chaji zaidi. Kadi hii itaimudu kweli? Na ile moduli ya zamani iliyopona, niiache au nibadilishe zote mbili?