Naomba ushauri: bibi anafariki, mjukuu anazaliwa, na sura ya mwisho imenishinda

Mwana wa Mbozi:
Wakuu, habari za jioni. Naandika hadithi ndefu ya familia ya wakulima wa mahindi kule Mbozi. Bibi, ambaye ndiye nguzo ya hadithi nzima, anafariki mwezi wa kumi, watu wakisafisha mashamba kusubiri mvua. Usiku huohuo mkaza mwana wake anajifungua mtoto wa kiume. Nia yangu msomaji aone kwamba uhai na kifo vinapokezana, lakini kila nikirudia kusoma naona nimelazimisha. Rafiki aliyepitia rasimu aliniambia, "Nilijua tangu mimba ilipotajwa." Bibi huyu nimemjenga kutokana na wanawake walionilea, nataka aagwe kwa heshima. Nimfute mtoto, au niandikeje?

Kalamu ya Usiku:
Hongera mkuu, kufika sura ya mwisho ni kazi. Mtoto mwache, futa huo "usiku huohuo". Azaliwe baadaye, matanga yameshaondolewa, mikeka na sufuria za kuazima zimerudi kwa wenyewe, na ndugu wameanza kuulizana nani alipe deni la sukari. Mtoto akija katikati ya mambo hayo hatakuwa fidia ya bibi. Atakuwa mtoto tu, analia, anataka kunyonya.

Mfipa wa Namanyere:
Naongezea kutoka kwetu. Wafipa na Wabende wa Ziwa Tanganyika wana hadithi kwamba Leza, yaani Mungu, alishuka akawauliza viumbe wote, "Nani hataki kufa?" Watu na wanyama walikuwa wamelala. Nyoka peke yake alikuwa macho, akajibu, "Mimi." Ndiyo maana nyoka hujivua gamba akaendelea kuishi, hafi mpaka auawe, na sisi tunazikana. Angalia ilivyo fupi. Hakuna aliyetenda dhambi, hakuna mzee anayesimama kueleza faida ya kifo. Watu walilala, basi. Kwa hiyo ndugu yangu, kama msibani kwako kuna mzee anayetoa hotuba kuhusu mbegu kufa ili mche uote, mwondoe. Hapo ndipo hadithi nyingi zinapoharibika.

Bi Mwanaidi:
Nakubaliana na Mfipa. Mtazame Fumo Liyongo, yule shujaa wa tenzi za pwani. Mwanawe wa kumzaa anamchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini, naye anakwenda kupiga goti karibu na kisima, mshale umo kwenye upinde, na roho inamtoka vivyo hivyo. Watu wanamdhani yu hai, hawathubutu kuteka maji. Hakuna mtoto anayezaliwa pale, ila uhai umo: mji mzima una kiu, na mama yake ndiye anayetumwa kumbembeleza. Mwanangu, usitafute kichanga cha kushindana na maiti. Tafuta haja ambayo haiwezi kungoja msiba uishe.

Mama Tito:
Haja hiyo ni mbegu! Bibi wa Mbozi lazima alikuwa na mahindi aliyoyachagua mwenyewe, yale makubwa yaliyonyooka mistari, akayafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya jiko ili moshi uyakinge na fukusi na dumuzi. Yamekuwa meusi kwa masizi, ukiyagusa unachafuka mkono. Sasa msiba umejaa watu, unga umeisha, wanawake wanaopika wanatazama juu. Nani anajua kwamba yale si chakula? Mvua za Novemba ziko njiani. Tena, huko nyuma bibi awe anamtania aliye tumboni, "mume wangu anakuja," kama bibi zetu wote wanavyofanya. Utani ukitangulia, hutahitaji kueleza chochote akizaliwa.

Mwana wa Mbozi:
Mama Tito, Mungu akubariki. Hotuba ya mzee ilikuwepo, kurasa mbili nzima, naifuta leo. Mtoto nampeleka mbele hadi wakati wa palizi. Sasa, anayeyatambua mahindi awe nani? Nilimfikiria binti mdogo wa darasa la tano.

Mama Tito:
Mpe mkaza mwana. Mimba imekuwa kubwa, hawezi kuinama kuchochea moto, kwa hiyo amekaa pembeni na anaona kila kitu. Ameolewa akitokea mbali, hakuna aliyemzoea kutoa amri kwenye jiko lile. Akisema "hayo msiyashushe", mawifi wamgeukie, maana wageni wana njaa na yeye ni nani. Ugomvi huo uandike wote, usiukatize.